Bibi anaruhusiwa kesho kutwa na anayekuja kumchukua ndo nina wasiwasi naye

nesi_wa_usiku:
Wakuu naombeni msaada, hasa nyie wa hospitali na ustawi wa jamii. Mi ni nesi wodi ya wanawake, mwaka wa pili tu kazini. Mambo madogo madogo nimeyabadilisha asitambulike mtu ila kiini ndo hiki.

Tuna bibi wa miaka 78. Aliletwa kakauka maji kabisa, presha iko juu sana wakati ana dawa zake, na ana kidonda cha kulalia chini ya kiuno kwa nyuma, kile ukikiona unajua mtu amelala upande mmoja siku nyingi bila kugeuzwa. Mara ya pili hii ndani ya miezi mitatu. Anaishi na mtoto wake wa kiume, mtu mzima, na huyo kijana ndo anajibu kila kitu, yani hata ukimuuliza bibi unaumwa wapi anadakia yeye, "huyo hasikii vizuri sista, niulize mimi". Anasikia vizuri tu! Kijana akitoka nje kupiga simu bibi anaongea, anacheka, anamaliza sahani yote. Akirudi, bibi anageukia ukutani.

Sasa juzi usiku namgeuza nimbadilishie shuka nikaona alama kwenye mikono, upande wa ndani juu ya kiwiko, kulia na kushoto, kama za vidole. Nikamuuliza bibi hii nini? Akanambia "mjukuu wangu, ya nyumbani yanabaki nyumbani". Nikanyamaza, nikaendelea kumpaka mafuta. Baada ya muda akasema mwenyewe kwamba kadi ya benki anayo kijana na pensheni haioni, halafu akanishika mkono akasema nisimwambie mtu.

Daktari keshaandika aruhusiwe kesho kutwa. Dripu imetoka, kidonda kinaendelea vizuri, na kitanda kinasubiriwa. Kibaya zaidi bibi mwenyewe anataka kurudi, anasema nyumba ni yake, alijenga yeye na marehemu mumewe. Je, naweza kuomba asiruhusiwe? Nikisema nitakua nimevunja siri yake? Na nikinyamaza akarudi mara ya tatu, je?

mtu_wa_ustawi:
Dada pole, na hongera kwa kunyamaza na kuendelea kumpaka mafuta, ungembana maswali pale asingekwambia la kadi.

La siri tulimalize kwanza. Siri ya mgonjwa haiishi kwako peke yako, inakaa kwa timu inayomtibu. Kwa iyo unarudi kwake unamwambia ukweli, "bibi nimekusikia, siwezi kukaa na hili peke yangu, nitamwambia daktari na mtu wa ustawi, ila mwanao hatutamwambia umesema nini". Usimuahidi siri usiyoweza kuitunza mana akigundua hutampata tena. Halafu mwambie nesi mkuu wa wodi na daktari LEO, kwenye zamu yako hii hii. Usisubiri asubuhi ya kuruhusiwa, mtoto kashasimama mlangoni na begi mkononi, saa hiyo hakuna wa kukusikiliza.

Pili aongeleshwe peke yake, na sio kwa kumfukuza kijana, utaamsha waliolala. Mpeleke bibi kufungwa kidonda, au eksirei, au kuoga, ndugu haingii huko. Kama lugha ni shida tafuteni mtu wa hospitali atafsiri, ndugu asitafsiri hata kama ni mtoto mdogo wa familia. Na usimuulize "unanyanyaswa?", hilo neno hakuna mzee analikubali juu ya mtoto aliyemzaa mwenyewe. Uliza vitu vya kushikika. Nani anakupa dawa, na kuna siku hupewi? Ukitaka maji usiku inakuaje? Kuna mtu anakupigia kelele mpaka unaogopa? Pesa yako nani anaishika, na ukiitaka unapewa? Umewahi kufungiwa ndani? Kuna ndugu alikua anakuja sasa haji?

Tatu andika, na uandike kama alivyosema, maneno yake mwenyewe ndani ya alama za kunukuu. Alama za mikononi pima kwa sentimita, chora umbo la mwili weka zilipo, andika tarehe na saa. Usiandike "amepigwa na mtoto", hukuwepo. Na usiandike "alianguka" kama kijana ndo kasema alianguka, andika "mtoto anaeleza kwamba alianguka". Faili likija kusomwa baadae hiyo tofauti ni kubwa kuliko unavyodhani.

Na usijione unaota. Shirika la Afya Duniani linasema kama mtu 1 kati ya 6 wenye miaka 60 na kuendelea hupitia unyanyasaji wa aina fulani ndani ya mwaka, na hapo ni wanaoishi majumbani. Hospitali mara nyingi ndo sehemu pekee mzee anakutana na mtu ambaye sio wa nyumba ile.

mzee_wa_kona:
Mi nasema tuwe makini jamani. Siku hizi ukimuuguza mzazi ukakosea kidogo unaitwa mnyanyasaji. Marehemu mama yangu alikua anatumia dawa za kufanya damu isigande, ukimshika tu kumnyanyua kitandani kesho yake ana madoa meusi mkono mzima. Kuhusu kadi ya benki, mtu hawezi kutembea we unataka akapange foleni mwenyewe? Lazima mtoto ashike. Kesi ya familia mkiingilia mtamuacha bibi bila mtu kabisa, huyo kijana akisusa nani atamgeuza? Nyie?

daktari_kivuli:
Mzee wa kona una hoja, ukiitupa utakua daktari mbaya. Dawa za damu, dawa za steroidi za muda mrefu, na ngozi yenyewe ya uzeeni, vyote vinaleta madoa kwa kuguswa kidogo. Kwa iyo kwanza kabisa orodha ya dawa iangaliwe na damu ipimwe inavyoganda, hiyo inamlinda bibi na inamlinda na kijana pia.

Ila sehemu doa lilipo inaongea. Kuna utafiti wa Marekani ulitoka 2005, waliwafuatilia wazee kila siku kuangalia madoa yanayokuja yenyewe ya ajali za kawaida, karibu asilimia 90 yalikua mikononi na miguuni, na hawakukuta hata moja shingoni, masikioni, makalioni, sehemu za siri wala nyayoni. Ukiona doa sehemu kama hizo inabidi usimame. Mikononi ndo pagumu, panaweza kua ajali, ila alama za vidole, pande zote mbili, upande wa ndani, hizo mi nisingezipita kimya. Na msiseme hili la njano ni la zamani hili la zambarau ni la jana, rangi ya doa haikwambii tarehe, utafiti ule ule ulionesha njano inaweza kutokea mapema tu.

Sasa nesi, kuna kitu mnacho mkononi hamjakiona. Presha. Ilikua juu alipokuja. Je, hapo wodini anapewa dawa zile zile alizokuja nazo, dozi ile ile? Na imeshuka? Kama imeshuka basi dawa zinafanya kazi, ila nyumbani hazikua zinamfikia. Sababu inaweza kua ananyimwa, au hawezi kufungua kichupa, au zimeisha hakuna aliyefuata nyingine, hatujui bado, lakini hicho ni kitu cha kuandika kwenye faili chenye namba na tarehe na hakimtuhumu mtu. Hivo hivo uzito, mpimeni leo mlinganishe na siku aliyoingia.

La pili ndo kubwa zaidi. Je, bibi ana uwezo wa kuamua? Haipimwi kwa umri wala kwa kumuuliza leo tarehe ngapi. Ni kwa uamuzi huu hapa mmoja: anaelewa tunachomwambia kuhusu kurudi nyumbani, anakishika kichwani muda wa kutosha, anapima uzuri na hatari yake, na anaweza kutuambia amechagua nini. Mtu anaweza kushindwa mambo ya benki akaweza hili la wapi alale. Ila msimpime siku amechanganyikiwa. Mzee aliyekauka maji au mwenye maambukizi anaweza kuchanganyikiwa ghafla, asubuhi mzima jioni haeleweki, halafu ndugu wanakwambia "ndo alivyo, uzee". Subirini maji na maambukizi vikae sawa mpimeni tena, na mkiandika muandike na saa.

Kama uwezo anao na anataka kwenda kwake, ataenda, hata kama sisi roho inatuuma. Kama hana, hapo mlango mwingine kabisa, hawezi kukabidhiwa tu kwa mtu mnayemshuku, inabidi ustawi na njia za kisheria za hapo mlipo ziingie kabla hajashuka kitandani.

Na kuhusu tarehe, nesi hazuii kuruhusiwa peke yake ila anaweza kusema kwa mdomo na kwa maandishi "mpango wa kuondoka haujakamilika". Daktari akisoma hiyo sentensi kwenye faili anafikiria mara mbili kusaini, najua mana mimi nimewahi kuisoma.

sista_mstaafu:
Mwanangu sikiliza la mkubwa wako. Nimefanya kazi wodini zaidi ya miaka 30. Kuna baba mmoja tulimruhusu Ijumaa jioni, kitanda kinatakiwa, mtoto kaja na gari, sote tulikua na wasiwasi ila kila mmoja akadhani mwenzie keshasema. Jumatatu alirudishwa, nguo ile ile tuliyomvalisha sisi. Sitasema zaidi. Usikubali Ijumaa, kama ni kuondoka aondoke mwanzo wa wiki ambapo simu za ofisini zinapokelewa na mtu wa kwenda kumuangalia yupo.

binti_aliyechoka:
Naandika hii nikiwa natetemeka kidogo mana mi nilikua huyo kijana.

Mama yangu alipoteza kumbukumbu, nilimuuguza peke yangu karibu miaka minne, kaka zangu walikua wanapiga simu sikukuu tu. Usiku analala nusu saa anaamka anataka kutoka nje. Siku moja nikamvuta mkono kwa nguvu, alama ilibaki, na siku nyingine nilimfungia chumbani nikakaa sebuleni nalia. Tulipofika hospitali nilikua najibu maswali yake yote kama huyo kijana wako, sio kwa ujanja, ni kwa woga kwamba ataniumbua. Sista mmoja badala ya kuniangalia vibaya akaniuliza "na we unalala saa ngapi?" Nililia pale koridoni kama mtoto. Wakanitafutia mtu wa kushika zamu siku mbili kwa wiki, wakanifundisha jinsi ya kumgeuza bila kumvuta, wakawaita kaka zangu wakawakalisha chini. Sikumvuta tena.

Kwa hiyo mchunguzeni na yeye, amebeba nini, analewa, ana kazi, nani anamsaidia. Ila mimi pensheni ya mama sikuigusa, nasema ukweli. Kuchoka hakumfanyi mtu ahamishe pesa. Hapo sijui nikwambie nini.

mzee_wa_kona:
Binti pole sana. Nimekuelewa. Narudi nyuma hatua moja, ila kuhusu kushika kadi bado nasema sio wizi mpaka ithibitike.

mtu_wa_ustawi:
Sawa mzee, na ndo mana anaulizwa mwenye pesa. Kushika kwa ruhusa na kushika kwa nguvu vinafanana kwa nje, tofauti ni kwamba akiitaka anapewa.

nesi_wa_usiku:
Narudi na majibu. Nimesema. Mikono ilikua inatoka jasho ila nimesema, nesi mkuu akanisikiliza kumbe na yeye alikua na mashaka tangu mara ya kwanza!! Nikamkumbuka yule baba wa Ijumaa aliyemsimulia sista mstaafu.

Presha imeshuka wakuu, kwa dawa zile zile, dozi ile ile. Daktari alikaa kimya anaangalia chati. Dawa za damu hatumii, na damu yake inaganda kawaida. Ustawi walikuja, bibi akapelekwa kufungwa kidonda na wakaongea naye huko karibu saa nzima. Kapimwa uwezo wa kuamua asubuhi na tena siku ya pili, anao, ana akili zake zote kuliko hata mimi.

Anachotaka ni hivi: anarudi kwake. Hataki polisi, na hataki mtoto afukuzwe, anasema "nikimtoa atalala wapi". Ila anataka kadi yake, anataka simu yake (kumbe alikua nayo, kijana kaichukua), na anataka binti wa marehemu dada yake awe anakuja kama zamani, kumbe alikua anakuja kijana akamkatazia mlangoni. Siku ya kuondoka imesogezwa mpaka Jumanne. Sasa mpango wenyewe tunaupangaje, mana karatasi yetu ya kuruhusiwa ina mistari mitatu tu, dawa, kliniki, sahihi.

mtu_wa_ustawi:
Hiyo mistari mitatu ndo ugonjwa wenyewe hahaha. Haya.

Swali la kujiuliza kwa kila kitu: akirudi Jumanne ni nini kitakua tofauti na siku aliyoondoka? Kama hakuna kitu mnamrudisha kwenye shimo lile lile, kapona kidonda tu.

Anza na kidonda, hicho ndo tiketi yenu. Kidonda kinahitaji kufungwa mara kadhaa kwa wiki, kwa iyo mtu wa afya ana sababu halali ya kuingia ile nyumba na kumuona bibi mwili mzima, na kijana hawezi kukataa bila kujionesha. Huyo anayekwenda aambiwe kwa mdomo nini cha kuangalia, asiende kichwa kitupu. Dawa zipangwe kwenye kiboksi cha siku, kila akija anahesabu zilizobaki, hakuna haja ya kumuuliza mtu.

Kadi. Msimnyang'anye kijana, sio kazi ya wodi. Bibi mwenyewe akiwa bado hapo aongee na benki yake, aizuie ile ya zamani aombe mpya na namba ya siri mpya, na achague yeye ipelekwe wapi, ISIJE nyumbani. Ila mumuulize kwanza, kijana akigundua kadi haitoi pesa atafanya nini? Bibi anamjua kuliko sisi. Kama anasema atakasirika sana basi ile siku kadi inapozimika asiwe naye peke yake. Hili watu wanalisahau, ukimkata mtu pesa ghafla hatari inapanda kabla ya kushuka.

Simu. Apate ndogo ya kubonyeza, namba zenu na za mpwa wake ziwe tayari, ikae kwa bibi mwilini, isiwe mezani. Kubalianeni neno. Ukipiga wewe ukauliza "blanketi la bluu umelipata?" akisema ndio maana yake yuko sawa, akisema hapana maana yake njooni. Kijana akisikiliza pembeni anasikia habari za blanketi. Na maswali yako yote yawe ya ndio na hapana mana hujui nani kasimama nyuma yake.

Sasa ile karatasi. Nani anaibeba? Kijana! Kwa iyo humo MSIANDIKE lolote la mikono wala pesa wala "tunashuku". Hayo yanakaa kwenye faili na kwenye barua inayokwenda moja kwa moja kliniki na ustawi. Nimeona karatasi moja imeandikwa kila kitu, nia nzuri kabisa, ikasomwa na mtuhumiwa ndani ya gari kabla hawajafika nyumbani.

Mpwa aitwe na bibi mwenyewe, na siku ya Jumanne awepo, aingie naye nyumbani ile siku ya kwanza. Na kijana akalishwe na mtu mwingine, sio wewe, kwa lugha ile ya binti_aliyechoka. Unalala saa ngapi, tukusaidieje, tunakuletea mtu wa kukupokea. Wengine hapo wanalegea. Akikataa msaada wote, wa bure, hilo nalo liandikwe.

Mwisho muulizeni bibi, siku akibadili mawazo anaenda wapi? Nyumba ya nani, usiku, bila kupanga? Awe na jibu moja, na karatasi zake muhimu na dawa za siku chache zikae kwa mpwa.

daktari_kivuli:
Naongeza moja. Muulizeni bibi kama yupo mwingine dhaifu humo ndani, mtoto mdogo au mzee mwingine. Bibi anaweza kujichagulia hatari yake, hawezi kumchagulia mjukuu.

nesi_wa_usiku:
Hakuna mtoto, ni wao wawili. Nimeuliza.

nesi_wa_usiku:
Wakuu ni Jumatano usiku. Jana kaondoka. Mpwa alikuja mapema kuliko kijana, wakakaa wameshikana mikono kitandani wanacheka mambo yao ya zamani. Kijana alipofika akamkuta, sura ikabadilika, lakini mtu wa ustawi akamchukua pembeni wakaongea muda mrefu na alirudi mpole, ila mpole yule wa kuangalia chini, sikuweza kumsoma. Msaada wa mtu wa kumpokea siku mbili kakubali. Kadi mpya itafikia kwa mpwa, ya zamani inazimwa kesho na mpwa atalala pale mpaka Jumapili.

Leo saa nane nimepiga. Kapokea kijana! Ile simu ndogo. Nikasema naomba kuongea na bibi kuhusu kidonda, kikapita kimya kirefu, nikasikia "mama, hospitali". Nikamuuliza blanketi la bluu umelipata? Akasema "ndio mjukuu wangu, nimelipata, ila sio zito kama lile la kwenu".

Hiyo "ila" imenikaa kichwani tangu mchana. Hatukukubaliana kitu kuhusu "ila". Nimempigia mpwa anasema yuko naye, kala, kageuzwa, kalala, na ile simu aliiacha mezani mwenyewe wakati anageuzwa, ndo mana kijana kaipokea. Nesi wa kidonda anakwenda kesho saa tatu, nimemwambia aanze na mikono.